Jukwaa la Uwanja wa Kahawa

Kibosho,
5 Machi 2023

Mwanangu Martin,

Pokea salamu zetu huko Njombe kwenye baridi na barabara zenu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama yako ni mzima. Mimi goti la kulia ndilo limekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mvua bado, migomba imekunja majani. Grace anaendeleaje na hiyo mimba? Na Brenda wangu, ameanza kusoma?

Nakuandikia kwa sababu simu siisikii. Mama yako akinishikia sikioni, nasikia nyuki tu.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilishuka mjini kukutana na Eliakim, kama tunavyofanya miaka yote. Tulipofika Uwanja wa Kahawa tukakuta umezungushiwa mabati. Mlinzi akatuambia hakuna kuingia. Eliakim akamwambia, "Kijana, wakati jukwaa hili linajengwa baba yangu alibeba mawe kwa kichwa, kwa msaragambo wa kijiji, bila malipo, kutoka Machame. Sasa unanizuia nisikalie mawe ya baba yangu?" Mlinzi akatazama huku na huku, akatufungulia.

Tulikaa. Nyasi zimekuwa ndefu, goli la kaskazini limebaki mlingoti mmoja. Unakumbuka nilivyokuwa nakubeba mabegani ukaone mechi? Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini watu walikuwa bado wanapisha njia: "Mpisheni Wense, kipa." Siku zangu, kipindi cha pili nilikuwa nalinda goli la kusini, mlima uko mbele yangu wote. Mawingu yakiondoka watu elfu nzima wanasahau mpira, wanageuka kuutazama. Eliakim alifunga goli wakati kama huo. Watu wakaja kujua lilipokwisha ingia. Mpaka leo anawadai makofi.

Wewe uko na watu wa ujenzi. Hebu uliza, mabati yale ni ya ukarabati?

Nakuombea,
Baba yako, Wenseslaus

*

Njombe,
26 Machi 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake. Pole na goti. Sisi tuko salama. Grace anakula udongo kuliko chakula, lakini daktari anasema mtoto anacheza vizuri. Brenda anasoma, jina lako anashindwa kuliandika, amefika "Wense" akaacha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Baba, si ukarabati. Uwanja umeuzwa. Wanabomoa waweke maduka na maegesho ya magari.

Na kazi hiyo kampuni yetu ndiyo imeipata. Bosi aliniita, akasema, "Martin, wewe si mtu wa Moshi? Nenda na kijiko kimoja cha kubomolea, utakuwa karibu na nyumbani." Alidhani ananipa zawadi. Nikamwomba anibadilishe na mwenzangu. Akaniuliza sababu. Nikasema baba yangu alicheza pale. Akacheka, si kwa ubaya, akasema kila mahali tunapobomoa kuna baba wa mtu. Halafu akasema kama sitaki, nimkabidhi funguo, vijana wa kuendesha kijiko wamejaa getini.

Grace anajifungua mwezi wa saba. Baba, niambie neno lolote. Ukisema nikabidhi funguo, nitakabidhi.

Mwanao,
Martin

*

Kibosho,
16 Aprili 2023

Martin,

Salamu. Tuko wazima.

Umeniomba neno. Unataka mimi ndiye niseme mke wako ajifungue bila mume mwenye kazi, au niseme kavunje? Neno hilo sina. Wewe ni mtu mzima, una mji wako.

La kwangu mimi nakwambia. Nimemsomea Eliakim barua yako. Tumekubaliana. Siku mtakayowasha mashine tutakuwa tumekaa jukwaani, safu ya tatu, pale petu. Waje watuondoe.

Ukifika Moshi usipande huku kwanza.

Baba

*

Kibosho,
3 Mei 2023

Mwanangu Martin,

Salamu za asubuhi, huku mvua inanyesha tangu jana na mama yako amewasha moto mapema. Natumaini huko Pasua mlikopanga mmelala pakavu.

Juzi hatukuongea vizuri, kulikuwa na watu. Nataka ujue kwa nini niliinuka pale jukwaani.

Fomani wenu alipokuja kutufokea, sikutikisika. Alipotaja polisi, Eliakim akamwambia, "Waite, na waje na chai." Tukacheka. Nilikuwa na furaha, Martin. Nilijiona kijana. Kisha wewe ukazima mashine, ukaja kwa miguu ukipita katikati ya uwanja, umevua kofia. Hukusema mengi. Ulisema, "Baba, shikamoo. Baba Eliakim, shikamoo. Zege hili limeoza, linadondoka lenyewe. Naombeni mshuke." Nikaona unaizungusha kofia mikononi. Ukiwa mdogo ulikuwa unazungusha pindo la fulana hivyo hivyo ukitumwa dukani ukapoteza chenji.

Nikainuka. Si kwa ajili ya zege.

Eliakim alibaki amekaa. Akaniambia kwa Kichagga, maana hakutaka watu wa mabati wasikie: "Wense, wewe umeinukia mtoto wako. Mimi nimuinukie nani?" Unajua yeye na mkewe Magreth hawakujaliwa mtoto. Nikamshika mkono, akaukung'uta. Alishuka mwenyewe mwishoni, akapita mbele yangu mpaka barabarani bila kuniaga. Tangu tukiwa vijana hajawahi kuondoka bila kuniaga.

Nitampitia akitulia. Wewe fanya kazi yako uimalize upesi. Bado usipande. Sina hasira nawe, nina huzuni tu, na sitaki uikute imekaa kwenye kiti chako.

Baba yako, Wenseslaus

*

Moshi,
28 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Sijui niulize afya yenu kwa mdomo gani.

Najua umeshasikia, Kibosho yote imesikia. Lakini nataka usikie kwangu. Polisi walinishika, wakaandika maelezo, wakaniachia wakasema ni ajali. Wewe sijakwambia.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula. Upande wa nyuma ukuta ulikuwa umeshaanguka na mabati hayakufika kule, mtu yeyote angeweza kupita. Jukwaa lilibaki nusu. Fomani alitazama kwa mbele, akanipungia mkono. Nikashusha kijiko kwenye paa, paa likaja na safu za juu. Kwenye mashine husikii kitu. Niliona tu mama mmoja anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara ameshika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi. Nikazima. Ndipo nikasikia anasema, "Mzee! Kuna mzee!"

Tulifukua kwa mikono. Baba Eliakim alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa hai, Baba. Alinitazama akasema, "Ni wewe, mtoto wa Wense?" Nikasema, "Ndiyo. Shikamoo." Nilimwamkia. Sijui kwa nini, ndiyo neno lililotoka. Akaitika, "Marahaba." Hakusema tena. Tulimpakia kwenye gari kwenda hospitali ya Mawenzi, akakata roho kabla hatujafika mzunguko.

Mazishi nilisimama mbali, kwenye kahawa ya jirani. Nilikuona umeshika mchanga. Nilitaka nije nisimame nyuma yako, nikabaki hapo mpaka watu wakatawanyika.

Kijiko nimekikabidhi. Grace anadhani niko likizo.

Mwanao

*

Kibosho,
25 Juni 2023

Mwanangu mpendwa Martin,

Habari za huko uliko. Barua hii nampa dereva wa basi akamkabidhi Grace, maana Pasua wanasema umehama. Mama yako hali vizuri, ukimpikia mtori wa ndizi anauzungusha kwa kijiko mpaka unapoa. Mimi nipo.

Jumamosi nilikwenda Machame. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo kama wazee walivyotufundisha, nikaenda nalo mwenyewe kwa Magreth, kwa goti hili. Unajua jani hilo la kuomba msamaha halikataliwi. Mtu akikuletea isale, hata kama amekuulia, unapokea.

Magreth alikuwa anakamua ng'ombe. Aliniona nimesimama, akamaliza kukamua kwanza. Kisha akanyoosha mkono akalipokea. Mkono wa kushoto, Martin. Mwanamke aliyenipikia tangu harusi yao.

Akasema, "Baba Martin, mila nimeiheshimu. Msiniombe kitu kingine."

Nikamwambia mume wake alivyokuitikia salamu. Nilidhani itamsaidia. Alitua ndoo chini, akaniuliza, "Alikuwa na maumivu?" Nikasema sijui, sikuwepo. Akasema, "Hukuwepo. Kila Jumapili miaka yote hiyo ulikuwepo, siku hiyo hukuwepo." Akachukua ndoo akaingia ndani. Nilikaa kwenye kigogo cha nje nikisubiri atoke. Hakutoka. Ng'ombe walianza kulia njaa, nikawakatia majani ya mgomba, nikaondoka.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mambo yamepoa. Lakini nyumbani ni nyumbani. Nilikwambia usipande, leo nasema panda. Njoo hata usiku, hata bila kuongea. Kiti chako nimekikalia mwenyewe mara nyingi mno.

Baba yako anayekusubiri,
Wenseslaus

*

Tunduma,
19 Novemba 2023

Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini vuli imewafikia na Mama anakula. Mimi ni mzima wa mwili. Mtoto ni wa kiume, Grace ameshawaambia, amechukua jina la Baba kama inavyotakiwa. Ana paji lako la uso.

Mnisamehe kukaa kimya. Nilibeba mizigo hapa mpakani miezi mitatu, mgongo ukashindwa. Nikarudi kwenye kijiko, kampuni nyingine. Ni kazi ninayoijua na watoto wanakula.

Sasa kila kabla sijawasha nashuka, nazunguka jengo lote kwa miguu, mbele na nyuma, naingia ndani naita, "Humu kuna mtu?" Wenzangu wananicheka. Wamenipa jina, wananiita Hodi.

Juzi tulikuwa tunabomoa ghala bovu la mahindi. Lilikuwa na kufuli, fomani akaniambia, "Hodi, leo usitupotezee muda, limefungwa." Nikazunguka. Nyuma kuna bati limekunjwa, nikaingiza kichwa nikaita. Nikaita tena. Sauti ikasema, "Nipo. Ngoja kwanza."

Akatoka mwanamke mzima amejifunga blanketi, na mtoto wa mwaka mmoja hivi mgongoni. Akanigombeza kwamba nimemwamsha mtoto. Mimi nilikaa chini kwenye matope. Yule mwanamke akadhani naumwa, akaenda kunitafutia maji.

Tangu siku hiyo hawacheki tena, na mimi sijapanda kwenye mashine. Nakaa nayo tu, nimeshika funguo. Bosi amenipa mpaka Jumatatu.

Krismasi sitakuja. Grace na watoto watakuja, mkawapokee stendi, mtoto asilale njiani. Nilijaribu kuja mwezi wa tisa. Nilifika Moshi asubuhi, nikapanda gari la Kibosho. Linapita pale uwanjani. Maduka yameshapakwa rangi, yamefunguliwa. Nilimwambia dereva anishushe, nikavuka barabara nikapanda basi la kurudi. Mama, usilie. Nitajaribu tena. Bado siwezi.

Mwanenu,
Martin