Fimbo ya Bwana Mpya Iliyopigwa Kabla Gundi Haijakauka

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kazini anaitwa Kapu
Umri: Miaka 41
Kazi: Mwokota mipira, uwanja wa mazoezi ya gofu
Makazi: Chumba cha wafanyakazi, nyuma ya stoo ya mashine za kukatia nyasi
Elimu: Aliishia darasa la sita

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afande amenionya niseme kweli tupu, nami nimekubali.

Huu ni mwaka wangu wa nne uwanjani pale. Kazi yangu ni kuendesha kigari kinachookota mipira. Kigari kimezungushiwa wavu, kwa sababu wateja wakiniona nakatiza hunilenga mimi. Mpira ukigonga wavu wanashangilia, nami nawapungia mkono, maana ukinuna ndiyo wanazidi.

Mtu mliyemweka ndani ni fundi wa fimbo. Ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu anayenifuata. Mimi ndiye niliyemwita atoke nyumbani. Nilimwambia njoo, huku kuna kazi ya kivulini. Analala kitanda cha chini, mimi cha juu.

Kazi yake iko hivi. Fimbo ikilegea kichwa, anakichomoa, anasafisha, anapaka gundi, anakirudisha. Gundi ile haikauki mpaka kesho yake. Kwa hiyo akimaliza anaifunga fimbo kitambaa chekundu, fundo la kukaza kweli, na kuitundika kwenye kamba mwisho wa kibanda chake. Fimbo yenye kitambaa haiguswi. Mfagiaji anajua, wateja wanajua, hata wageni wanaambiwa siku ya kwanza. Kesho yake shemeji ananiita, nakifungua mimi, napiga mipira kumi, kisha mwenyewe anakabidhiwa. Shemeji hapigi, mgongo wake mbovu. Pigo la kwanza la fimbo iliyotengenezwa ni langu. Ndio utaratibu wetu.

Nisifiche, afande, napenda sana jambo hilo. Ukipiga fimbo nzuri katikati kabisa, mkono hausikii kitu. Unasikia tak, basi, mpira umeshakwenda. Kwa mtu anayeinama mchana kutwa, ile tak ni kama maji ya baridi. Na mimi nina fimbo zangu mbili za zamani, nilizinunua kwa muuza vyuma chakavu. Shemeji alizing'arisha. Tunazijaribu Jumapili jioni uwanja ukifungwa, yeye amekaa kwenye ndoo ananicheka. "Shem, hiyo si gofu, hiyo unaua nyoka." Hizo ndizo starehe zetu huku, hatuna nyingine.

Mteja tunayemwita Bwana Mpya naye ana ugonjwa huohuo, ila yeye ana uwezo. Kila baada ya muda mfupi analeta fimbo mpya. Anaifungua kwenye makaratasi polepole, anainusa ngozi ya mpini, anaigonga kwa ukucha na kuitegea sikio. Hachezi mashindano, wala sijamwona akihesabu alama. Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi kwenye uwanja mkubwa wenye mashimo. Alinijibu, "Kapu, kucheza ni kazi. Raha yangu mimi ni pigo la kwanza. La pili tayari fimbo imezeeka." Tukacheka wote. Si mtu mbaya. Ananipa fimbo zake nijaribu, anasimama karibu na kuniuliza, "Umeisikia? Sema kweli, umeisikia?" Hakuna mteja mwingine anayeniuliza mimi nimesikia nini.

Lakini kuna jambo moja lililomkera. Fimbo zake zikienda kwa fundi, pigo la kwanza linakuwa langu. Alikuwa akisema mbele ya watu, "Kila bibi harusi wangu, huyu ndiye anayemfunua shela." Watu wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Mnamo siku ya Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi huu, asubuhi, shemeji alitia gundi fimbo moja ya Bwana Mpya, ile kubwa ya kupigia mbali. Nilikuwepo. Nilimwona akiifunga kitambaa na kuitundika. Kitambaa kilikuwa kipande cha ovaroli yake ya zamani. Kisha nikaenda kwenye kigari.

Yapata saa nne meneja alimwita shemeji aende ofisini kubeba masanduku ya fimbo mpya zilizokuwa zimefika. Shemeji alikwenda, akakiacha kibanda wazi. Wakati huo nilikuwa karibu na mstari wa kupigia, kama kutoka hapa mpaka pale getini. Nilimwona Bwana Mpya akiingia kibandani. Akaitungua fimbo yake. Alihangaika na fundo kwa vidole, likamshinda, akalifungua kwa meno. Kitambaa akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Nilidhani anataka kuitazama tu, maana hata kuitazama kwake ni sherehe.

Akaenda kwenye nafasi yake akaweka mpira. Hapo nikapiga honi. Nikapiga tena, nikamwonyesha ishara ya hapana kwa mikono. Aliinua mkono akanipungia. Alidhani namsalimia.

Akapiga. Lilikuwa pigo safi, afande. Niliisikia ile tak mpaka ndani ya kigari. Akageuka huku akicheka kama mtoto, akapaza sauti, "Kapu! Leo nimekuwahi!"

Niliruka nje ya kigari nikaanza kukimbia kuelekea kwake. Mtu haruhusiwi kushuka uwanjani watu wakipiga, lakini nilishuka. Nilikuwa napiga kelele, "Gundi! Gundi!" Alishaweka mpira wa pili.

Safari hii fimbo ilipomzunguka begani, kichwa kilichomoka. Hakikuja mbele. Kilikwenda nyuma, kwenye njia ya kupitia watu, na Mama Chai alikuwa anapita na sinia lake. Ni mama anayetuuzia chai, wateja na sisi. Kilimpata juu ya sikio. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, vikombe ndivyo vilivyopiga kelele.

Nilipofika Bwana Mpya alikuwa amepiga magoti, amevua shati amelikandamiza kichwani kwa Mama Chai, anasema, "Mama, mama, nisamehe, mama." Shemeji alikuja mbio kutoka ofisini, sanduku bado mkononi. Alipoona ule mpini mtupu chini alishika kiuno akasema, "Nani kafungua?" Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono.

Mpaka leo Mama Chai hajafumbua macho. Jana nilikwenda hospitali, nikaruhusiwa kumwona kupitia dirishani.

Jioni ya siku ile, baada ya shemeji kuchukuliwa, meneja aliniita. Alifunga mlango. Akasema, "Kapu, hakukuwa na kitambaa."
Nikasema, "Bosi, kilikuwepo. Kafungua kwa meno."
Akasema, "Yule mteja analeta wenzake wanaojaza nusu ya uwanja. Akienda jela, sote tunakwenda nyumbani. Fundi atafungwa kidogo tu, atatoka."
Nikasema, "Ni mume wa dada yangu."
Akavuta droo akanionyesha pasi yangu ya kusafiria, akaifunga tena.

Nimeambiwa hapa kwamba Bwana Mpya naye ameandikisha kuwa hakuona kitambaa. Sijui kama alisema mwenyewe au alisemewa. Ningependa kumuuliza ana kwa ana. Nadhani mimi hawezi kunidanganya.

Dada yangu alipiga simu juzi. Hakulia. Alisema, "Kaka, ulimwita mwenyewe akatoka hapa mlangoni. Mrudishe." Kisha akampa mtoto simu, mtoto akasema shikamoo mjomba, akauliza baba amelala? Nikasema ndiyo, amelala.

Afande, sina cha kuongeza ila hiki. Kitambaa kilifungwa. Fundi hakuwepo. Nikipoteza kazi nitapoteza na chumba, na mwenye kibali changu cha kufanya kazi huku ni meneja. Nayajua hayo yote, na bado kitambaa kilifungwa. Na tangu asubuhi, nikiwa nimekaa hapa, namsikia shemeji akikohoa nyuma ya ukuta huu, nami sijathubutu kumwita, nisije nikashindwa kuendelea kusema.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, nimesomewa yote, na ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ameandika "Kapu" kwa mkono wake)

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyachukua mimi mwenyewe, nikamsomea shahidi, akakubali bila kusahihisha. Alipomaliza aliomba atokee mlango mwingine, kwa kuwa meneja wake ndiye aliyemleta na anamsubiri nje, garini. Nimemweleza kwamba kituo kina mlango mmoja. Ameomba kukaa kwenye benchi mpaka gari liondoke. Nimemruhusu. Ni saa kumi na moja na nusu jioni sasa, na gari halijaondoka.