Bridge ya Muthama

Ndeti, Muthama ametuaibisha. Ametuaibisha kabisa!

Wakwe zake wapo kwa video, tunajadili mahari ya binti yake Kavinya. Yeye akaanza kuunda bridge, lile daraja la kugawa mtandao, kwa kompyuta yake ya Linux, eti TV nayo ipate mtandao tuwaone vizuri. "Tulieni wazee, hii kazi naijua."

Akaingiza kadi ya mtandao kwenye bridge, akasahau kuipa bridge anwani ya mtandao. Mtandao ukakatika, na mzee wao ndio kwanza ameuliza: "Mbuzi wa mahari tulete baada ya harusi, mnakubali?"

Kwao wanamwona Muthama ameganda kwenye skrini, mdomo wazi, kimya.

Tuliporudi hewani walikuwa wanamalizia sala. "Asante, mkwe. Kunyamaza ni kukubali."

Baada ya harusi, Ndeti!

Mkewe amemwambia siku ya sherehe atachinja hiyo kompyuta.