Fomu ya Kumwondoa Kemunto

Jumatatu. Mvua imeanza saa nane, kama kawaida ya Kisii, nami nazunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwa miaka mingi nimewatandika wenye nyumba kwenye blogu hii. Nimewaita kupe. Leo mimi ni mwenye nyumba, na nina hasira na sheria ileile ya kuwalinda wapangaji niliyoitetea.

Nilirithi duka moja karibu na Daraja Mbili. Mpangaji wangu, Kemunto, anauza mbegu na dawa za mifugo. Kodi hajawahi kuichelewesha. Mkataba hatukuandikiana, maana baba zetu walikuwa wazee wa kanisa moja la Sabato, na kumtolea karatasi mtu wa kanisa lenu ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Tulipeana mikono, tukaomba, basi.

Sasa nataka atoke. Dada yangu Moraa, mjane, alibomolewa kibanda chake cha kushonea kule Magwagwa barabara ilipopanuliwa. Sasa anashona sare za shule barazani kwake, na mvua ikija anakimbiza vitambaa ndani. Juzi mteja alimrudishia sare zenye madoa ya matope.

Kwa hiyo nilimwandikia Kemunto barua ampishe. Kurasa nne! Niliipamba kwa historia na Biblia, nikampa mwezi mmoja.

Ijumaa nikaenda dukani kuchukua jibu.

"Mwalimu, barua ni tamu kweli," alisema huku akipima mbolea. "Nilimsomea mzee wangu, tukacheka mpaka chai ikapoa. Lakini sheria inataka fomu ya notisi, na miezi miwili. Si ni wewe uliandika hivyo kwa blogu? Ama ulikuwa unaandikia watu wengine?"

Wateja wakaangua kicheko. Niliondoka bila kuaga.

Wakili naye amenithibitishia: bila mkataba wa maandishi, mpangaji wa duka analindwa kweli kweli. Akipinga, mahakamani naweza kukidai chumba ikiwa mimi mwenyewe nitafanyia biashara humo. Mimi. Dada hahesabiki.

Nilipompigia Moraa simu, hakusita: "Ndugu yangu, andika ni wewe unashona. Kwani nani atakuja kuangalia kama uko kwa cherehani?"

Nakiri kwamba jana nilijaribu. Niliijaza fomu yote, nikafika kwenye sababu, kalamu ikagoma. Nakiri jambo baya zaidi: niliwaza kwenda kung'oa mlango wa duka, kama wafanyavyo wale kupe wangu.

Sheria inayodhani mwenye duka hana ndugu ni sheria kipofu, na nitaipigia kelele mpaka koo likauke. Lakini Kemunto hajanikosea chochote. Na uongo mbele ya mahakama ni uongo, hata ukisemwa kwa ajili ya mjane.

Nimeichana fomu.

Hakuna shujaa hapa. Mtu atakayelipia usafi wa dhamiri yangu ni Moraa, na masika ndiyo kwanza yameanza.

Kesho asubuhi napanda kwenda Magwagwa kumweleza. Tangu mchana natafuta sentensi ya kuanzia, na sijaipata.