Ombi la Mtoto Nililolirudisha

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada wako kwa heshima na taadhima, na naomba radhi mapema endapo maelezo yangu yatazidi nafasi ya ukurasa wako, kwani jambo lenyewe ni zito na sijapata kulitamka mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mke wangu ambaye linamhusu kwa damu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, karani wa masjala katika ofisi ya umma, kazi niliyoiingia nikiwa tarishi mwenye elimu ya darasa la saba, nikapanda ngazi kwa kujisomea mwenyewe kanuni za uandishi wa barua rasmi, na kwa miaka ishirini na sita sasa hakuna barua iingiayo wala itokayo pale bila kupita dirishani kwangu. Kazi yangu ni kupokea maombi ya wananchi, kuyapa namba na kuyatia jaladani, na yale yasiyotimiza masharti, yaani yasiyo na sababu, tarehe au viambatisho, kuyarudisha kwa waombaji wayakamilishe.

Utaratibu huo niliuhamishia nyumbani. Kila mmoja wa watoto wangu watatu ana jalada lake katika kabati la sebuleni, na yeyote aliyekuwa na shida, iwe ni viatu kumbana au ugomvi na mwenzake, alitakiwa aniandikie, nami nikamjibu kwa maandishi siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana. Majirani waliniita Bwana Faili. Mke wangu naye alikuwa akiniuliza, "Bwana Faili, na chumvi ikiisha nikuletee barua, au nitume mtu dukani tu?" nasi tukacheka, kwani niliamini kwa dhati kwamba nawafundisha watoto kujieleza katika dunia isiyowasikiliza wasiojua kujieleza.

Binti yangu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, alikuwa mtoto wa maneno mengi hata tukamwita Cherehani, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupoi. Alipofika miaka tisa alinyamaza. Akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu, nasi tukamwaibisha kwa hilo mbele ya wadogo zake, na ule ukimya mimi nilidhani ni kukua, nikawa nausifu kwa wageni. Mwaka huu mambo yamekuwa mabaya zaidi. Anavaa sweta juani. Akitaka kulala husukuma sanduku la nguo mpaka nyuma ya mlango. Chakula hukigusagusa tu, na shuleni amekuwa wa mwisho katika darasa ambalo zamani aliliongoza, mpaka mwalimu wake wa darasa akaniita, mwanamke kijana ambaye umri wake ungemfaa kuwa mwanangu.

"Mzee, keti kwanza," akaniambia. "Mikono ya huyu mtoto umeiona?"

"Nimeona anavaa sweta."

"Sijakuuliza sweta, mzee wangu. Nimekuuliza mikono."

Akanieleza kwamba mikono yote miwili ina mikato, mipya kwa mikongwe, ambayo binti yangu hujikata mwenyewe, na kwamba tangu mwezi huu uanze imeongezeka, akanishauri nimpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili katika hospitali kuu. Nikamjibu kwa ukali kuwa mwanangu si mwendawazimu. "Neno hilo umelileta wewe, mzee," akasema, akanipa fomu ya rufaa, akaniagiza niambatanishe nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Nilipofungua jalada la binti yangu kukitafuta cheti hicho ndipo nilipokutana na karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, ya miaka saba iliyopita, nami nainukuu kama ilivyo: "Baba naomba nisiwe nabaki na mjomba mkienda kazini. Naomba sana. Hata kwa jirani nitakaa." Mjomba anayetajwa ni mdogo wake mke wangu, ambaye mwaka ule aliishi kwetu akisubiri ajira, kijana mcheshi, mpendwa wa nyumba nzima, aliyekuwa akishinda na watoto sisi tukiwa kazini. Chini ya maneno hayo kuna mwandiko wangu mwenyewe kwa wino mwekundu: "Ombi halikutaja sababu. Linarudishwa kwa mwombaji alikamilishe." Nilikuwa nimeligonga hata muhuri wa tarehe. Naye hakulikamilisha, akalirejesha kabatini vilevile lilivyo, nami baada ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi, nililifunga kwa kukosa ufuatiliaji.

Nilimfuata uani, alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, Baba."

"Hukutaja sababu."

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema, akamaliza kukunja shati langu la kazini, akaliweka juu ya mengine, akaingia ndani.

Sasa, Mama Mshauri, shemeji yangu huyo amehamishiwa kikazi katika mji wetu na atafikia kwetu mwisho wa mwezi huu, siku kumi na moja kutoka leo ninapoandika, na mke wangu ameshamwandalia chumba, ambacho ni chumba cha binti yetu, habari aliyomtangazia binti mwanzoni mwa mwezi kwa furaha tele. Mke wangu ndiye aliyemlea mdogo wake huyo, alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Naomba uniongoze: je, ni sahihi nimtake binti aandike maelezo kamili ili nisije nikamdhulumu mtu asiye na hatia, au nisubiri shemeji afike nizikutanishe pande zote mbili katika kikao cha familia, na mke wangu nimwambie lini, na huko hospitali, je, jina la mwanangu halitabaki katika kumbukumbu zao na kumharibia maisha ya baadaye? Sili nikashiba. Nikiwa dirishani watu wananikabidhi barua zao nami nashindwa kuzisoma.

Ni mimi, kwa majuto yasiyo na kifani,
Karani wa Masjala

*

Ndugu yangu Karani,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika, na nakujibu nikiwa na vyote viwili. Tena nimekujibu kwa simu, kwa namba uliyoniachia, kabla ya gazeti kuchapwa, kwa sababu siku kumi na moja si siku za kusubiri zamu ya barua. Hapa nayachapa ili wengine nao wasome, maana najua si wewe peke yako.

Eti aandike maelezo kamili! Bado tu? Mtoto wa miaka tisa hana maneno ya jambo kama hilo, na watu wazima wengi hawana. Alikuandikia alichoweza: nisibaki naye. Mtoto anayeomba apelekwe kwa jirani ili asikae na mjomba wake ameshataja sababu. Wewe ulitaka akupe ya kukutosha wewe. Usimwulize tena lilikuwa nini, lilikuwa mara ngapi, lilikuwa wapi. Kuna watu waliosomea kuuliza, na wanajua hata pa kunyamaza.

Na kikao usithubutu. Unataka kumketisha binti yako kiti kwa kiti na mtu ambaye kwa ajili yake anaburuta sanduku mlangoni? Wewe si hakimu wa nyumba hiyo, wewe ni baba. Unaogopa kumdhulumu shemeji. Shemeji ni mtu mzima, ana mshahara, ana miguu, atatafuta pa kulala. Binti ana chumba kimoja tu duniani, na mmeshamwambia akitoe.

Sikiliza sasa. Hiyo mikato si utundu wala wazimu. Ni mtoto aliyebeba mzigo miaka saba, akasikia kwamba mwenye mzigo anarudi. Leo hii toa nyembe, visu vikali na dawa zote pale anapoweza kuzifikia. Asibaki nyumbani peke yake. Kaa naye umwulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humtua. Akikubali, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa ileile. Akikataa, asubuhi bado mpeleke, na ile fomu ya mwalimu uende nayo. Huyo mwalimu, kwa njia, kamwombe radhi. Aliiona mikono ambayo wewe unakula nayo meza moja.

Kumbukumbu za hospitali ni siri ya mgonjwa. Kinachoharibu maisha ya binti yako hakimo katika kabati la daktari. Waeleze pia afisa ustawi wa jamii, na kama kuna la polisi watakuelekeza. Wewe usimfuate shemeji kumtisha wala kumhoji. Halafu kumbuka kwamba wadogo wa binti nao walikuwa wakishinda na mtu huyo. Mwambie daktari.

Mkeo mwambie leo, mkiwa wawili, watoto wasisikie. Usimpelekee hotuba. Atasema unamsingizia ndugu yake, atalia, pengine atafunga mizigo. Naye ni mtu wa kuonewa huruma, kwa sababu aliyemlea na aliyemzaa wamegongana mikononi mwake. Mpe muda wa kulia, lakini chumba kisiwe jambo la kujadiliwa. Simu ya kumwambia shemeji asije, ipige wewe, usimtwishe mkeo.

Kwa binti utasema maneno machache: "Ulisema, mimi sikusikia. Kosa ni langu. Nakuamini. Mjomba haji." Ukimaliza, nyamaza. Usimlilie mpaka yeye ndiye akubembeleze, amechoka kutosha.

Najua unachokitamani baada ya hapo, nawe usikitegemee. Hatakuangukia kifuani. Anaweza akakaa miezi akikujibu kwa kichwa tu, na siku nyingine asikujibu kabisa. Kliniki itakuwa kila wiki. Omba ruhusa kazini, mpeleke, ukae kwenye benchi la nje mpaka atoke. Akitoka amenuna, rudi naye nyumbani amenuna, na wiki inayofuata mpeleke tena.