Debe la Ukingoni

Shemeji Yohana,

Naandika mwenyewe, kwa mkono huu uliousema ni wa jembe tu. Nimekataa kuandikiwa na mtu. Dada yangu, mkeo, yuko salama ila usingizi hana. Mimi mzima, bado nashuka korongoni na wageni, na hakuna kijana Momba nzima anayeshuka kama mimi. Hilo ulilijua, hukupenda tu kulikubali.

Wageni wanazidi. Wanatokea Tunduma na magari, wakifika ukingoni wanachungulia kwa woga, maana mto uko kule chini kama uzi na tai wanaruka chini ya miguu yao. Ulikuwa unaniuliza, "Shemeji, hawa kwao hakuna mashimo?" Nacheka peke yangu. Halafu naangalia jiwe lako pale ukingoni, halina mtu.

Wewe ulikuwa unakaa juu yake ukitazama maji ya mbali. Mvua ikinyesha kule juu Mbozi, huku jua linawaka, unapiga debe lako la bati kunionya mafuriko yanashuka, nami napandisha watu. Tulipokuzika, mwanao Naomi akaomba akae pale jiweni, apige yeye. Nikamwambia mtoto wa kike hakai pale, na mimi maji nayanusa. Nilisema mbele ya watu.

Wiki iliyopita nilikuwa chini na wageni. Mbingu safi. Wamevua viatu, wanapiga picha. Nikasikia debe.

Shemeji, lilikuwa pigo lako. Mawili ya haraka, moja zito. Unajua kwetu, marehemu akikuita huitiki, ukiitika umekwenda. Nikawaambia wageni wasigeuke, wasitazame juu. Wakaniona kichaa lakini wakatii. Debe linalia, mimi nimeinamisha kichwa, nakusema moyoni, yaani Yohana umenifuata mpaka huku, na hawa watu wana kosa gani.

Ndipo sauti ikashuka: "Mjomba, umekuwa kiziwi? Maji hayo!"

Wewe hujawahi kuniita mjomba.

Nikawasukuma wageni mwambani kama mbuzi. Mama mmoja wa kizungu nilimbeba mgongoni, na umri huu, usibishe. Maji yakapita na miti mizima pale pale tuliposimama. Viatu vyao vimekwenda ziwani Rukwa.

Juu nikamkuta Naomi, debe limebonyea, analia kwa hasira. Kumbe kila nikishuka alikuwa anakuja, anajibanza nyuma ya jiwe. "Baba alinifundisha," akasema. "Wewe hukuniuliza."

Nilimjibu amechelewa kupiga. Ndivyo nilivyo, unanijua. Yeye nimeshindwa kumwambia, nakuambia wewe: alipiga vizuri kukushinda.

Jumamosi wanakuja wengine. Nakuahidi, sishuki mpaka nimwone amekaa juu ya jiwe, peupe, watu wote wamwone. Akipiga napanda, sitauliza kwanza ni nani. Pumzika kabisa, shemeji. Kazi yako imepata mtu.

Mimi shemeji yako, Lazaro