Shemeji Yako Alipokwama Kisimani

Shamba la Vale de Perdizes,
Alentejo, Ureno.
17 Oktoba 1996

Mpendwa kaka Baltazar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, kifua kimekuachia, au baridi ya huko Luxemburg imeanza kukisumbua tena? Wifi Otília na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, lakini uzima wenyewe ni wa kumshukuru Mungu. Keti kwanza ndipo uendelee kusoma.

Wale wanaakiolojia niliokuandikia habari zao bado wako bondeni kwetu. Vile vigae vizito vilivyofukuliwa na trekta tulipotaka kupanda mizeituni ni vya paa za enzi za Warumi. Wameshapata misingi ya nyumba tatu, jiwe la kukamulia zeituni na kisima kilichojengewa mawe. Mimi nilitarajia kasri. Bi Graça, mkuu wao, akanicheka: "Kasri la nini, Deolinda? Hawa walikuwa wakulima kama nyinyi, wenye sugu mikononi."

Kisima ndicho kilichotuponza. Kwa vile shemeji yako Custódio ni mchimba visima, walimwomba akizibue. Jumanne asubuhi nilipowapelekea mkate na jibini, alikuwa mita saba chini, anapandisha tope kwa ndoo. Ndoo moja ikaja na soli ya kiatu cha ngozi, misumari ingalipo. Akapaza sauti, "Deolinda! Mtafutie huyu Mrumi soksi, kiatu chake kimepatikana!" Tukacheka sote.

Kicheko hakijaisha, mawe ya ukuta yakaporomoka. Kaka, mlio ule sijui nikuelezeje. Nikaita jina lake, nikaita tena. Mwisho akajibu kwa sauti nyembamba nisiyoijua: "Mguu. Jiwe limenibana mguu."

Bi Graça alizima pampu iliyokuwa ikivuta maji kisimani, maana mtikisiko wake ulizidi kuangusha mawe. Lakini pampu ikizimwa, maji ya chini yanapanda. Custódio akawa anatutajia yalipofika: magotini, mapajani, kiunoni. Zimamoto walikuwa bado dakika arobaini kufika. Bi Graça akasema ashuke mtu mwepesi kuliko wote, ukingo usije ukameguka. Wakanitazama. Hakuna aliyenituma, walinitazama tu.

Nilishuka. Usinisifu, sikuwa jasiri. Meno yaligongana, nilijikojolea nikiwa kwenye kamba, na kila kokoto lililogonga helmeti nilijua ndiyo mwisho. Nilipomfikia, maji yalikuwa kifuani mwake na midomo imebadilika rangi.

"Mjinga wee, nani kakuruhusu?" akanifokea.

"Nyamaza, nishike bega," nikamjibu.

Nilizama na mtaimbo, nikapapasa jiwe, nikasukuma. Mara ya tatu likageuka. Akapiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena maishani. Wakamvuta yeye kwanza. Nikabaki peke yangu kule chini, maji yakinipanda shingoni, mawe yakilia juu ya kichwa changu, hadi kamba iliposhushwa tena. Dakika hizo ndizo zinazonirudia.

Mguu umevunjika mahali pawili. Amelazwa hospitalini Évora, na daktari anasema atatembea, ila si kabla ya msimu wa zeituni kupita.

Jana Bi Graça alikuja kuomba radhi, macho mekundu. Nimemwambia nyumba waendelee kuzichimba, lakini kisima kifukiwe. Ardhi ni yako pia, najua. Ukinikatalia, njoo uketi ukingoni wewe.

Mama anajua tu kwamba Custódio aliteleza. Ukipiga simu Jumapili, nakuomba usimwambie kuwa nilishuka mimi. Ameniona nikifungua bomba la jikoni mikono ikitetemeka, akadhani nina homa, akanipikia supu ya mkate na kitunguu saumu. Nimeinywa yote.

Nisalimie wifi Otília, Horácio na Celeste mdogo. Mama anawabusu wote. Mungu atuweke juu ya ardhi ngumu, nyinyi na sisi.

Dada yako akupendaye, na ambaye bado anaogopa,

Deolinda