Jiko Lililopimwa kwa Kamba ya Mgomba

Nyanga, Bukoba

Mjukuu wangu Kokugonza,

Huku sote tu wazima. Magoti yanamsumbua babu yako, lakini kahawa anachuma mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Umeniuliza kwa nini akina mama wa Muleba wanayasifu majiko ya kampuni yenu, yanayowaka kwa maganda ya kahawa, kisha wanarudi kwenye mafiga. Usiwakasirikie.

Nilipokuwa bibi harusi, fundi bati mmoja wa Hamugembe aliniuzia jiko lisilokula kuni nyingi. Wakwe walipokuja, nikajaza ndizi na maharage kwenye sufuria kubwa, nikafunika kwa majani ya mgomba. Nilipofunua nigeuze, jiko likapinduka. Chakula chote majivuni, na wakwe wameshanawa mikono!

Nikamrudishia jiko lake, nikamfokea. Kesho yake akaja, mwanamume mzima, akakaa jikoni kwangu kwenye kigoda, tangu namenya ndizi hadi napakua. Kisha akapima kitako cha sufuria kwa kamba ya mgomba, akaenda zake. Jiko alilorudi nalo nililipikia mpaka likatoboka, na majirani wakamfuata kwake.

Wazo lenu ni zuri, mama. Miti yetu inakwisha kweli. Lakini umewahi kukaa jikoni kwa mmoja wao mpaka ndizi zikaiva?

Lile jiko ulilonitumia, kuku ametagia ndani. Njoo na kamba uipime sufuria yangu, ila umwache kwanza aangue.

Bibi yako,
Adelina